Rodrick na Vikombe Sita vya Shashi

Waliokuwa Guangzhou kule China mwaka tisini na tisa, ukiwatajia Rodrick wa Sengerema wanacheka kwanza, ndipo wanauliza yuko wapi siku hizi. Wengine hata hawaulizi. Mtu anashika goti, analichua kama kizee, anacheka, anaondoka zake. Watu hawana utu hata kidogo. Lakini ngoja usikie yote, maana Rodrick mwenyewe naye hakuwa malaika.

Alifika kule ana miaka ishirini na mbili, elimu darasa la saba, kiatu kimoja kimeachama mbele. Alipelekwa na mjomba wake Pius, mfanyabiashara wa Mwanza, aende akamsaidie kulinda mzigo. Mjomba akanunua redio elfu moja. Akafungua boksi la kwanza, redio inaimba. Akafungua la pili, inaimba. Akalipa, mzigo ukapakiwa kwenye kontena bandarini Huangpu, mjomba akapanda ndege huku anapiga mluzi. Kontena lilipofunguliwa nyumbani, redio za juu zilikuwa redio kweli. Za chini yalikuwa maganda ya plastiki yaliyoshindiliwa udongo ili yawe na uzito. Mjomba Pius hakukanyaga China tena. Alituma barua moja tu, kwa mkono wa mtu, imeandikwa kwamba kila mwanaume ajitegemee. Rodrick akabaki mtaa wa Xiaobei kwenye chumba cha watu saba, hana tiketi ya kurudia, na Kichina alichokuwa nacho ni maneno manne: laoban, yaani bosi; la kuuliza bei gani; la kusema ghali mno; na mei you, yaani hakuna.

Kwa maneno hayo manne akaanza kazi ya kuzungusha wateja.

Kazi yenyewe iko hivi. Mama anashuka kwenye ndege, anatoka Shinyanga au Moshi, hajui kushoto wala kulia. Wewe unampokea, unampeleka Guangyuan Xilu kule karibu na stesheni ya treni, kwenye yale majengo ya nguo za jumla, ghorofa juu ya ghorofa, unambebea begi, unambishania bei, unamtafutia choo. Sasa wazungushaji wote wa wakati ule, Watanzania, Wakenya, Wakongo, walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mbele ya mteja husemi "sijui". Mteja akikuuliza makoti ya mvua ya watoto yenye masikio ya sungura, na wewe toka uzaliwe hujayaona, unasema "Yapo, mama, ghorofa ya nne." Unampandisha ngazi polepole, yeye anahema, wewe macho yanakimbia kwenye maduka kama panya. Mara nyingi kitu kinapatikana. Kisipopatikana unasema duka limefunga leo. Lakini ukitamka "sijui" mara moja tu, mteja kesho asubuhi yuko na mtu mwingine, na jioni Xiaobei nzima wanajua kwamba fulani ni mshamba.

Rodrick aliishika sheria hiyo kuliko wote. Ukimwuliza njia anajua. Ukimwuliza mvua itanyesha lini anajua. Siku moja Mkenya mmoja akamwuliza kwa utani jina la babu yake yeye Mkenya, Rodrick akafungua mdomo kabisa kutaka kujibu.

Miaka mitatu ikaenda hivyo. Hakutajirika, ila alikula, na alipapenda kule. Halafu mwezi wa tatu mwaka tisini na tisa ukaja na balaa lake. Mkongo aliyekuwa akimwandikia barua ya mwaliko kila viza ikiisha alifunga ofisi akahamia Dubai, hakuaga. Viza ya Rodrick ilikuwa inaisha Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Bila barua ya mtu mwenye ofisi iliyosajiliwa hamna viza mpya, na bila viza unakuwa mtu wa kujificha kwenye ngazi kila polisi wakipita kukagua, mpaka siku watakayokukamata.

Mtu mmoja tu aliyemfahamu ndiye mwenye ofisi ya maana. Mama Careen.

Mama Careen, jina lake la ubatizo Agripina, alikuwa mama wa Mwanza, mnene, mpole wa sauti, na mgumu kama msumari. Ofisi yake ilikuwa jengo la Tianxiu Dasha, ghorofa ya kumi na nne, chumba kimoja kina meza, simu na magunia ya sampuli mpaka darini. Magoti yalikuwa yanamtesa kwa zile ngazi za Guangyuan Xilu, kwa hiyo akikaa tu anapandisha gauni kidogo na kuanza kujichua na mafuta ya kijani, yale ya kichupa kidogo yanayouzwa kila duka la dawa. Ofisi nzima ilinuka mafuta hayo. Ukikaa dakika tano pua inazoea, husikii kitu.

Mwezi ule Mama Careen alikuwa anatafuta mtu wa kudumu, mtu wa kubaki Guangzhou yeye akiwa Mwanza, asimamie mzigo mpaka uingie kwenye kontena. Nafasi hiyo ina barua ndani yake. Rodrick aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Na Mikaeli naye aliitaka. Mikaeli wa Arusha, mzungushaji mwenzake, shati limepigwa pasi hata mwezi ule ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo hazikauki, simu ya mkononi kiunoni, viza anayo mpaka mwakani. Yeye hakuwa na shida na barua. Alitaka ukubwa tu.

"Shikamoo, Mama," Rodrick akaingia siku ile.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mama Careen alikuwa anachua goti la kulia. "Nina jambo. Mwezi wa sita ni sendofu ya Careen wangu, tunamuaga aende kwa mumewe. Kamati imeshakaa. Wifi yangu mwaka jana kwa binti yake aliweka soda za makopo kutoka Afrika Kusini, watu wakaongea wiki nzima. Mimi nataka soda ambayo Mwanza hawajaiona. Sio cola, sio ya chungwa. Kontena lina nafasi pale pembeni. Unaijua soda ya namna hiyo?"

"Ipo, Mama," Rodrick akasema, hajafikiri bado. Kisha akafikiri, likamjia. "Shashi."

"Ile nyeusi? Nilishaonjeshwa. Inanuka dawa."

"Walikupa mbaya. Shashi ziko aina nyingi. Mimi nazijua zote."

Mikaeli aliyekuwa ameegemea dirisha akacheka kwa pua. "Zote, kaka?"

"Zote."

Mama Careen akafunga kichupa chake. "Jumamosi niletee. Nikionja nikapata moja ya kuwafunga watu midomo Mwanza, basi mtu anayeweza kunitafutia kinywaji ataweza kunitafutia na vifungo vya nguo. Barua yako nitaiandika palepale."

Ukweli ni kwamba Rodrick alikuwa anajua shashi moja tu, na hiyo alinyweshwa kwa fujo wiki aliyofika. Shashi ni soda ya Kichina ya kule kusini, nyeusi, inatengenezwa kwa mizizi, na Mwafrika akiionja mara ya kwanza anadhani kapewa dawa ya kuchua mbavu. Wale wenzake wa chumbani walikuwa na tabia hiyo: mgeni akifika ana kiu anapewa shashi anaambiwa cola, wanamwangalia anavyokunja uso. Rodrick alikunja uso. Ila alipomaliza chupa akaomba nyingine, kimoyomoyo akijishangaa. Toka siku hiyo akawa anakunywa moja moja, bila kutangaza, kwenye kibanda cha mama mmoja kichochoroni.

Sasa alikuwa na siku tano. Akaanzia hapo kibandani.

"Laoban, shashi nyingine. Nyingine, nyingine." Akachora hewani kwa vidole.

Yule mama akamwangalia kama anaangalia mbwa anayeongea, akainama chini ya meza, akatoa ya pili.

Basi wiki ile Rodrick alikunywa shashi mpaka mkojo ukanuka mizizi. Hakujua kusoma herufi za Kichina, kwa hiyo alizitambua kwa vizibo na picha. Ya kizibo chekundu yenye nanga ndiyo ile ya siku zote: inapiga puani, sukari nyingi, ukimaliza ulimi unabaki na utando kama umelamba bahasha. Ya kopo la kahawia, hiyo inatoka Hong Kong, tamu kama ubani wa kutafuna wa watoto, ukinywa nusu unaona inatosha, ukinywa yote unaona aibu. Ya kizibo cha manjano aliifuata mpaka Foshan kwa basi, akaifungua, gesi ikakata kabla hajafikisha mdomoni. Akainywa hivyohivyo. Maji ya kuoshea sufuria iliyoungua, ndivyo alivyowaambia wenzake, na hakuwa anatia chumvi. Ya chupa ya plastiki yenye picha ya ndege tai ilikuwa na harufu ya dawa ya meno, na ukiitikisa povu halishuki mpaka kesho.

Ya tano aliipata Jumatano, nyuma ya stesheni, kwenye ghala la mzee mmoja mwenye fulana na kandambili. Kizibo cha kijani, chupa nzito ya kioo, picha ya mbuzi wawili. Mzee aliichomoa kwenye beseni la barafu, akaifungua kwa meno. Rodrick akapiga funda moja akasimama. Mwanzo ilikuja sukari iliyoungua kidogo, ile ya chini ya sufuria ya visheti. Katikati ukaja ubaridi kama majani ya mkaratusi ambayo bibi yake Sengerema alikuwa anamfukizia akiwa na mafua, chini ya blanketi, yeye analia anataka kutoka na bibi anamkandamiza kichwa. Mwisho haukuwa mtamu. Ulikuwa mkavu, safi, unakuacha unataka funda lingine. Akabeua, gesi ikamtokea puani, machozi yakamlenga.

"Hii," akamwambia mzee kwa Kiswahili. "Hii ndiyo yenyewe. Zile nyingine ni uhuni."

Mzee akatingisha kichwa kukubali, kana kwamba wamelelewa kijiji kimoja.

Hakuridhika. Alhamisi alirudia zote tano, moja baada ya nyingine, baridi na za moto, kabla ya kula na baada ya kula. Usiku tumbo likawa linaongea peke yake. Ijumaa alikuwa anaweza kufumba macho, akanusa tu, akakwambia hii ni nanga, hii ni tai. Wale wa chumbani walimjaribu mara kumi akapata mara kumi, na hapo ndipo alipofanya ujinga wake. Akaanza kutamba. Akaenda kwenye kibaraza cha Tianxiu, wanapokaa watu wote wanaosubiri lifti, akasema hakuna Mwafrika Guangzhou mwenye ulimi kama wake, na kwamba wengine wanavaa simu kiunoni lakini hawajui hata kutofautisha maji na soda. Mikaeli alikuwepo. Aliangalia saa yake akaingia kwenye lifti.

Jumamosi ofisini walikuwa wanne. Mama Careen kwenye kiti chake. Mikaeli dirishani. Na Faudhia, binti wa Kizanzibari aliyekuwa anasomea udaktari kule kwa udhamini, ambaye Jumamosi alikuja kumsomea Mama Careen mikataba ya Kichina. Rodrick akapanga vinywaji vyake vitano mezani, akaeleza kila kimoja kama mchungaji anayetambulisha kwaya. Mama Careen akaonja vyote. Alipofika kwenye kizibo cha kijani alionja, akaonja tena.

"Hii wifi yangu ataililia," akasema.

Rodrick akaona barua yake. Aliiona kabisa, na muhuri mwekundu.

"Mama, samahani," Mikaeli akasema kwa adabu. "Rodrick anasema anazijua hata akifumba macho. Sisi tunataka mtu wa kukabidhiwa mzigo. Si tumwone?"

"Nifunge," Rodrick akasema, hata kabla hajaulizwa.

Mikaeli akachukua tai moja ya shingoni kwenye gunia la sampuli, akamfunga macho, akakaza fundo mpaka masikio yakauma. Faudhia akamimina kwenye vikombe vya plastiki.

Cha kwanza. "Nanga. Kizibo chekundu."

Cha pili. "Kopo la Hong Kong."

Cha tatu alikinusa tu. "Foshan. Mimina chini hiyo."

Mama Careen akacheka kidogo. Cha nne, tai. Cha tano, Rodrick akatabasamu kabla hakijafika mdomoni. "Mbuzi wawili, Mama. Hii hata nikifa nitaijua."

Faudhia akapiga makofi mawili matatu. Kalamu ilisikika ikibofywa.

Asichokiona Rodrick ni hiki. Mikaeli alikuwa amenyoosha mkono kwa Mama Careen, ameelekeza kidole kwenye kichupa cha mafuta ya goti. Mama Careen akamwangalia kwa muda. Akamwangalia Rodrick pale alipokaa, amefungwa tai, anatabasamu, mdomo umelowa soda. Akakichukua kichupa mwenyewe, akampa. Mikaeli akachukua cola ya kawaida aliyokuja nayo, akadondoshea matone, akakoroga kwa kalamu. Faudhia alifungua mdomo kusema, kwa maana alijua ile dawa si ya kunywa. Akakumbuka ni Mama Careen anayemlipia chakula cha mwezi. Akafunga mdomo.

"Bado moja," Mikaeli akasema. "Ya sita. Hii nimeileta mimi."

Rodrick akapokea. Akapiga funda. Na ulimi wake, ule ulimi aliotamba nao, ulimwambia ukweli saa ileile: hii huijui. Haikuwa nanga wala tai. Iliwasha ufizi, ikapanda mpaka nyuma ya macho, koo likawa la moto. Harufu yake alikuwa anaifahamu kutoka mahali, karibu sana, lakini pua ilikuwa imekaa ofisini humo zaidi ya dakika tano. Angesema tu "sijui hii, Mama" angeondoka na barua. Maneno matatu. Lakini miaka mitatu hakuwa ameyatamka mbele ya mteja, na siku ile mteja alikuwa mkubwa kuliko wote.

"Ah, hii," akasema. "Hii ni ya Shunde. Kizibo cheupe. Niliiacha makusudi."

"Unaijua," Mama Careen akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole uleule.

"Naijua sana, Mama."

"Umeshainywa?"

"Mara nyingi. Ni ya watu wazima. Inashusha gesi."

"Ningeweza kuiweka mezani, sendofu ya mwanangu? Mbele ya wakwe?"

Rodrick akanywa funda la pili, kwa ajili ya heshima. Machozi yakapenya chini ya tai. "Ungeweka wangeiulizia, Mama. Nakuhakikishia."

Mikaeli ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia. Watu wa ofisi ya jirani, Wakongo wawili na Mkenya, wakachungulia mlangoni, wakaelezwa, wakaanza na wao. Rodrick akajifungua tai. Mbele yake kulikuwa na kikombe, na pembeni ya kikombe kichupa cha kijani, kizibo kimefunguliwa.

Unajua alichofanya? Alicheka. Alicheka na wao, ufizi unaungua, akapiga goti lake kofi akasema, "Mikaeli wewe ni mshenzi." Akadhani akicheka itakuwa utani.

Mama Careen hakucheka. Alikuwa amebofya kalamu tena na kuiweka chini.

"Rodrick, mwanangu. Kontena langu lina miaka sita ya jasho langu. Nikiwa Mwanza nikakupigia simu nikakuuliza mzigo umekaguliwa, utanijibu nini?"

"Mama, hii ilikuwa mchezo."

"Utaniambia umekaguliwa. Hata kama hujaufungua. Utaniambia mara nyingi, na utanihakikishia."

"Niandikie hata ya mwezi mmoja, Mama. Viza inaisha Alhamisi."

"Nikuandikie ili polisi wakikuuliza habari zangu uwajibu usichokijua?" Akavuta gauni chini, akafunika magoti. "Nafasi ni ya Mikaeli. Lakini ile ya kijani ni nzuri kweli, hapo umenisaidia. Nataka katoni sitini. Mpeleke Mikaeli akaone ghala lilipo."

Mtu mwingine angempindulia meza. Mtu mwingine angesema ghala mtalitafuta wenyewe, mungu wenu awasaidie. Rodrick alienda. Alienda kwa sababu bado alikuwa na siku tano na kichwani alijiambia kwamba Mama akiona moyo wake ataghairi. Kuna watu ukiwapiga wanakushikia fimbo.

Wakapanda basi, Mikaeli amekaa, yeye amesimama. Kule nyuma ya stesheni mzee wa fulana alimfurahia Rodrick, akampa ya barafu hata kabla hajaomba. Rodrick ndiye aliyebishana bei, Rodrick ndiye aliyehesabu katoni, Rodrick ndiye aliyezibeba mpaka kwenye gari la kukodi, maana mchukuzi wa ghala alikuwa ameenda kula. Mikaeli aliandika kwenye daftari.

"Ulimi unao, sikatai," Mikaeli akasema wakati wanafunga turubai. "Tatizo lako mdomo."

"Ongea na Mama kwa ajili yangu."

"Nitaongea."

"Kweli, Mikaeli?"

"Si nimesema."

Jumanne Mama Careen akamwita. Rodrick alipanda kwa ngazi ghorofa zote kumi na nne kwa sababu lifti ilichelewa na yeye hakuweza kusubiri. Alifika anahema kama wateja wake.

"Mikaeli ameongea na mimi," Mama akasema. "Ananiambia huna tiketi ya nyumbani. Mimi nasafiri Alhamisi. Nitakukatia tiketi mpaka Mwanza." Rodrick akafungua mdomo. "Ngoja nimalize. Mashati ya kamati hayakuingia kwenye kontena, na kilo zangu za begi kwenye ndege zimejaa. Utanipa kilo zako zote."

"Zote, Mama? Na nguo zangu?"

"Waachie hao wa chumbani. Kule Mwanza joto, utavaa nini."

Akakubali. Angefanyaje. Usiku wa Jumatano wale wa chumbani waligawana suruali zake akiwa amekaa hapohapo kitandani, mmoja anajipima koti, anauliza kama anapendeza. Begi lake likajazwa mashati mia ya kitambaa cha zambarau, yamebanwa kwa mkanda wa gundi. Juu kabisa, ndani ya taulo, akaficha chupa mbili za mbuzi wawili. Moja ya mama yake. Nyingine hakujua ya nani. Alitaka tu kuwa nayo.

Uwanja wa ndege begi likawekwa kwenye mzani. Likazidi kilo moja na nusu. Msichana wa mezani akatikisa kichwa.

"Umeweka nini?" Mama Careen akauliza.

"Hamna kitu, Mama."

Mikaeli, aliyekuja kusindikiza, akainama akafungua zipu kama mwenye begi. Akaigusa taulo, akaifunua. Akamwangalia Mama.

"Toa," Mama Careen akasema. "Sendofu itakuwa na katoni sitini."

"Nitaiona wapi hiyo sendofu, Mama? Mimi si wa kamati."

"Basi hutaiona."

Mikaeli akazitoa chupa zote mbili. Moja akaitia mfukoni mwa koti, moja akaifungulia kwenye ukingo wa meza, palepale, akapiga funda. Uso ukamkunjamana, akaitema ndani ya pipa la taka na kuidumbukiza chupa yote humo.

"Mnakunywaje takataka hii," akasema.

Mzani ukatulia. Msichana wa mezani akafunga karatasi kwenye mkono wa begi, akauliza kwa Kiingereza cha polepole kama mzigo huu ni wake mwenyewe na kama amefunga kwa mikono yake. Mama Careen akamgeukia Rodrick, anasubiri.

"Ndiyo," Rodrick akasema. "Wangu."